Rejista za TB Uvinza: vihatarishi vya kifo na kukatisha dawa, nichambueje?

mratibu_kusini

Wakuu, habari za majukumu.

Niko kwenye maandalizi ya utafiti wa kutumia rejista za kifua kikuu (TB) za vituo vya wilaya ya Uvinza, Kigoma, wagonjwa walioandikishwa 2022 hadi 2024. Kwa kuhesabu kurasa ni kama mistari 800. Nataka kujua nani yuko kwenye hatari zaidi ya kufariki na nani yuko kwenye hatari zaidi ya kukatisha dawa, hasa watu wa mialoni ya Ziwa Tanganyika kuanzia Ilagala kushuka hadi Kalya. Mpango ulivyo sasa:

- sampuli ya wagonjwa 384;
- matokeo mawili tu: "mazuri" (amepona au amemaliza dawa) na "mabaya" (amefariki, amepotea, tiba imeshindikana, hajatathminiwa);
- kai-mraba kwa kila kigezo, chenye p chini ya 0.2 kinaingia kwenye rigresheni ya lojistiki;
- majibu yatolewe kwa OR (uwiano wa odds, yaani waliopatwa kwa wasiopatwa).

Kazi ya mgonjwa haijaandikwa kwa wote. Urefu karibu haupo kabisa, uzito upo. Hali ya VVU ipo, na tarehe ya kuanza ARV ipo kwa wengi. Naomba mnikosoe sasa kabla sijaanza kuingiza data. Msinionee haya.

Mama Takwimu

Karibu, mratibu. Umefanya vizuri kuuliza mapema.

Hiyo 384 imezoeleka mno. Ni 1.96 × 1.96 × 0.5 × 0.5 ukigawanya kwa 0.05 × 0.05, na kazi yake ni kukadiria asilimia ya kitu katika jamii kwa kuruhusu kukosea asilimia 5 juu au chini. Wewe unalinganisha makundi, jambo tofauti kabisa. Tuseme wasio na VVU wanafariki 8%, wenye VVU 16%, na kwa kila mwenye VVU mmoja una watatu wasio na VVU. Ukitaka nguvu ya 80% (nafasi 80 kwa 100) ya kuiona tofauti hiyo, unahitaji wenye VVU 195 na wasio na VVU 585, jumla 780. Mistari unayo 800. Basi usichukue sampuli kabisa, ingiza wote.

Tena kinachobeba utafiti wa namna hii ni idadi ya vifo. Tuseme kwenye 800 waliofariki ni 62. Ukibaki na 384 utakuwa na vifo 30 hivi. Kanuni ya matukio 10 kwa kila kigezo, inayonukuliwa sana tangu kazi ya Peduzzi na wenzake ya 1996, si msahafu na wengi wameipinga, lakini kama breki inasaidia: vifo 30 vinabeba vigezo 3, vifo 62 vinabeba 6. Na umri uliougawa makundi matano unahesabiwa vigezo vinne. Watu wengi husahau hapo, wanaingiza vigezo 12 kwenye vifo 30 halafu wanashangaa OR ya 14 yenye masafa ya uhakika kuanzia 1.1 hadi 180.

Kapu la "mabaya" livunje. Mgonjwa mwenye VVU anaweza kuwa na hatari kubwa ya kufariki na wakati huohuo hatari ndogo ya kupotea, kwa sababu tayari anahudhuria CTC (kliniki ya VVU) na kuna watu wawili watatu wanaomfuatilia. Ukivichanganya, kimoja kinafuta kingine na utaandika kwamba VVU haina uhusiano na matokeo. Kifo kiwe uchambuzi wake, kupotea uchambuzi wake. "Tiba imeshindikana" watakuwa wachache, toa idadi tu uendelee na mengine.

OR kwa kifo haina madhara makubwa maana kifo ni tukio la wachache. Kwa mfano ule wa 16% na 8%, RR (uwiano wa hatari za makundi mawili) ni 2.0 na OR ni 2.19. Lakini kwa kupotea, tuseme wavuvi ni 40% na wengine 20%: RR bado ni 2.0, OR inaruka hadi 2.67, na msomaji wa halmashauri ataisoma kama "mara 2.67 zaidi". Una kohoti (kundi linalofuatiliwa tangu kuanza dawa), hatari yenyewe unaweza kuihesabu moja kwa moja. Tumia rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, mbinu aliyoieleza Guangyong Zou mwaka 2004, upate RR. Log-binomial nayo inafaa ila mara nyingi inagoma kufikia jibu ukishaongeza vigezo viwili vitatu. Na kwa kuwa wagonjwa wa kituo kimoja wanafanana kwa mengi, iambie programu ya takwimu, Stata au R, kwamba wamo ndani ya vituo.

Hiyo p ya 0.2, iache. Inachagua vigezo kwa bahati. Chora mishale kwanza: kipi kinasababisha kipi. VVU hupunguza uzito, na uzito mdogo huendana na kifo. Ukitaka athari yote ya VVU, usisawazishe kwa uzito, maana unakata mshale mmojawapo unaopitisha athari hiyo. Ukitaka athari ya uzito, hapo VVU lazima iingie kwa sababu inagusa pande zote mbili. Kwa hiyo kila swali lina modeli yake. Tabia ya kuweka vyote kwenye modeli moja na kusoma kila mstari kama kihatarishi kinachojitegemea ndiyo inayojaza majarida majibu yasiyoeleweka. Programu ya kuchora mishale hiyo, DAGitty, ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari, itakuambia usawazishe kwa vigezo vipi.

karani_wa_rejista

Mama Takwimu kamaliza hesabu, mimi niseme ya kwenye karatasi, maana huko ndiko utafiti wa rejista unakofia.

Fungua nyaraka tatu kwa pamoja: rejista, kadi ya matibabu ya mgonjwa, na daftari la maabara. Rejista ni nakala, na mara nyingi imejazwa mwisho wa robo mwaka kwa mkupuo. Utaona kalamu moja, mwandiko mmoja, ukurasa mzima. Matokeo ya makohozi ya mwezi wa 2, wa 5 na wa mwisho yalinganishe na daftari la maabara. "Amepona" inataka mgonjwa aliyethibitishwa kimaabara mwanzoni na makohozi yasiyo na vimelea mwishoni mwa tiba na angalau mara moja kabla ya hapo. Kama makohozi ya mwisho hayapo, huyo ni "amemaliza dawa", hata kama rejista imemwandika amepona. "Amepotea" ni aliyekatisha miezi 2 mfululizo au zaidi. Aliyechelewa wiki tatu akarudi hajapotea. Na GeneXpert haitumiki kufuatilia tiba, kwa kuwa inaokota hata vinasaba vya vimelea vilivyokufa. Ukikuta "Xpert mwezi wa 5, hakuna vimelea" weka alama, usiihesabu kama kipimo cha kupona.

Tarehe: tenganisha tarehe ya kipimo, ya kuanza dawa, ya kuandikishwa. Mara nyingi zinatofautiana, na saa ya ufuatiliaji inaanza siku ya kuanza dawa. Tarehe za kifo zikirundikana tarehe 30 na 31, ujue ni tarehe ya kuletewa taarifa. Kwenye kadi angalia siku ya mwisho ya kuchukua dawa, kifo kimetokea kati ya hapo na taarifa.

Umri: hesabu wangapi wanaishia na 0 au 5. Kwa kawaida wawe karibu 20%. Ukikuta 45%, umri umekadiriwa kwa macho. Hapo usitumie umri kama namba mfululizo, gawa 15–24, 25–34, 35–44, 45–54, 55 na zaidi. Kila kundi la miaka kumi lina mwisho wa 0 mmoja na wa 5 mmoja, kwa hiyo marundo yanagawanyika sawa. Ukigawa 20–30, 30–40 umeyaweka marundo mpakani.

Kazi: "mkulima" ndilo neno la kujazia pale mwandishi asipouliza. Mwalo mzima unaweza kuwa wa wakulima kwenye rejista. Usiichukue ilivyo. Tumia kijiji au kitongoji cha makazi kama kipimo cha kwanza (mwalo au bara), na kazi kwa wale tu ambao kadi inaeleza. Wanawake waanikaji dagaa na wachuuzi wapewe kundi lao. Hawalali ziwani, lakini wanahama na samaki.

Marudio: aliyepotea Machi akarudi Agosti ana namba mpya na ni mistari miwili. Mtu mmoja, vipindi viwili. Kwa majina peke yake hutamjua, Bukuru wako wengi kila kijiji na Hamisi anaandikwa Khamis, Hamis, Hamisi. Linganisha jina, jinsi, kijiji, umri kwa tofauti ya miaka 3, na jina la msimamizi wa dawa. Namba ya simu isaidie tu, simu moja inatumiwa na nyumba nzima. Aliyehamishiwa rejista ya TB sugu atoke kwenye kohoti hii, na usimwite aliyepotea. Walioanza mwishoni mwa 2024 hakikisha robo yao imefungwa, na wenye TB ya utando wa ubongo wanatibiwa miezi 12, siyo 6.

Ingizo: fomu ya EpiData au KoboToolbox yenye mipaka (uzito wa mtu mzima 25 hadi 110, tarehe ya matokeo isitangulie tarehe ya kuanza). Mtu wa pili aingize upya 10% bila kuona ingizo la kwanza. Kigezo chenye makosa zaidi ya 1%, rudia kigezo hicho kwa wote.

mwalo_kwa_mwalo

Ndugu zangu, mnajadili kifo kana kwamba rejista inajua nani kafa. Kwa watu wa ziwani haijui. Mgonjwa akifia kambini kusini mwa Kalya, kituo kinaandika "amepotea" baada ya miezi miwili. Mratibu, hili lisipotatuliwa usiendelee na lolote, kwa sababu halipunguzi tu usahihi, linageuza jibu juu chini. Angalia kwa namba za kubuni:

Wavuvi 200: vifo vilivyoandikwa 14, waliopotea 50.
Wengine 600: vifo vilivyoandikwa 48, waliopotea 60.

Ukisoma rejista, vifo ni 7% kwa wavuvi na 8% kwa wengine, RR 0.88. Utaandika kwamba uvuvi unakinga kifo! Sasa tuseme katika kila kundi 30% ya waliopotea wamekufa. Wavuvi wanakuwa 14 + 15 = 29, yaani 14.5%. Wengine 48 + 18 = 66, yaani 11%. RR sasa 1.32. Data ni ileile, hitimisho limegeuka kwa sababu wavuvi wana waliopotea wengi zaidi wa kuficha vifo.

Modeli ya Cox, ya muda hadi kifo, haitakuokoa ukiwahesabu waliopotea kama waliokatishwa ufuatiliaji tu. Inachukulia kwamba aliyepotea ana hatari sawa na aliyebaki anameza dawa. Mtu aliyeacha dawa mwezi wa pili hana hatari sawa na anayeendelea.

Dawa yake ni kuwafuatilia, na huhitaji kuwafuatilia wote. Chagua nusu kwa bahati nasibu ndani ya kila kundi: wavuvi 25, wengine 30. Elekeza nguvu zote kwa hao. Tuseme katika wavuvi 25 umewapata 20 na 6 wamekufa. Kila aliyepatikana anawakilisha 50 ÷ 20 = 2.5 ya waliopotea, kwa hiyo vifo vilivyofichika ni 6 × 2.5 = 15. Uzito huo wa 2.5 unaingia kwenye uchambuzi kama uzito wa sampuli, na wasiofuatiliwa wanatoka. Bora 55 waliotafutwa kweli kuliko 110 waliopigiwa simu mara moja, kwa kuwa wanaopatikana kwa simu moja ndio walio hai na wenye mtandao.

Namna ya kutafuta: anza na msimamizi wa dawa aliyeandikwa kwenye kadi, kisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kisha mwenyekiti wa kitongoji, na kwa mwalo, kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), maana yeye anajua chombo gani kimehamia wapi. Mwulizaji awe muuguzi wa kliniki ya TB wa kituo kile, si mtafiti, na asitamke TB kwa anayepokea simu. Anauliza kuhusu "miadi ya kituo", basi. Kisha angalia rejista za wilaya jirani: wilaya ya Tanganyika kule Karema na Ikola, na Nkasi kule Kirando. Wengine wamehamia wenyewe bila barua na wanameza dawa vizuri tu. Hao si waliopotea. Waliovuka kwenda Kongo au Burundi utawaandika kwa maelezo ya familia, na uwape alama yao.

Jambo la pili ni mwezi wa angani. Hamna mtu anayelipima na mnalo kwenye karatasi. Wavuvi wa vipe, wale wanaovua dagaa usiku kwa taa, wanafanya kazi gizani, mbalamwezi ikikolea wanapumzika. Kliniki inampa mgonjwa dawa za siku 28. Mzunguko wa mwezi ni siku 29.53. Maana yake kila miadi inasogea siku moja na nusu tu kwenye kalenda ya mwezi, na katika miezi 4 ya awamu ya pili ya tiba inasogea siku 6 hivi tu. Aliyepangiwa tarehe ya katikati ya giza atabaki kwenye siku za giza karibu awamu hiyo nzima, yaani kila miadi inamkuta ziwani. Kupangiwa tarehe ni kama bahati nasibu, hakutegemei ugonjwa wake umefika wapi, kwa hiyo ulinganisho ni safi kuliko wa kazi au elimu. Kupima ni rahisi: chukua tarehe ya miadi, toa 11 Januari 2024 ambayo ilikuwa mwezi mpya, gawa kwa 29.53, angalia baki. Baki karibu na 0 au 29 ni giza nene, karibu na 15 ni mbalamwezi. Linganisha kukosa miadi kwa wavuvi, kisha rudia kwa watu wa bara. Kama kwa watu wa bara hakuna tofauti na kwa wavuvi ipo, umepata kitu ambacho kituo kinaweza kukirekebisha kwa kubadili tarehe tu, bila senti.

Na ziwa lilifungwa kwa uvuvi 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Wagonjwa ambao tiba yao iliangukia humo hawako kwenye mazingira sawa na wa 2022 na 2023. Wengine walitulia nyumbani, wengine waliondoka kutafuta riziki kwingine. Kipindi hicho kiwe kigezo chenye ndiyo au hapana, na kihesabiwe kwa siku za tiba zilizoangukia humo. Mwaka wa kuandikishwa pekee hautoshi.

Isevya_wodini

Nipo Tabora ila tatizo ni moja. Chunga mgonjwa aliyeandikishwa kituo cha afya halafu akafia hospitali ya rufaa. Kifo kinabaki kwenye kitabu cha wodi na rejista ya kituo inasema "amehama, hajatathminiwa". Hapa kwetu wanaotoka Sikonge, Urambo na Kaliua kuja hospitali ya Kitete wanapotea kwenye karatasi hivyohivyo. Pitia kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za vituo vya afya) namba 14 cha waliolazwa huko hospitali ya Maweni, na ya Kabanga kwa wanaopandia Kasulu, utafute majina ya wagonjwa wako.

Na kinyume chake: ukiamua kuongeza wagonjwa wa hospitali ya rufaa kwenye data ili namba ikue, umewaongeza waliozidiwa. Wenye VVU na wenye kisukari hulazwa kwa sababu nyingine na TB inagundulika humo wodini. Mahusiano utakayoyaona kati ya magonjwa hayo yatakuwa yametengenezwa na mlango wa kulazwa. Kohoti iwe ya wilaya, rufaa iwe chanzo cha matokeo tu.

mratibu_kusini

Wakuu, nawashukuru. Hapo kwenye waliopotea naona mpango unabadilika kabisa.

Swali moja kwa Mama Takwimu. Kwenye majaribio ya mwanzo ya kituo kimoja, wenye VVU walioanza ARV wanafariki kidogo sana ukilinganisha na wasioanza, tofauti ni kubwa kuliko kihatarishi kingine chochote. Niifanye ndiyo habari kuu? Na kama urefu haupo, uzito nautumiaje bila BMI (uwiano wa uzito na urefu)?

Mama Takwimu

Usiifanye habari kuu, angalau si kwa hesabu hiyo. ARV zinaokoa maisha, hilo halina ubishi, lakini tofauti uliyoiona imechanganyika na muda. Mgonjwa wa TB anaanzishiwa ARV ndani ya wiki 2 za kuanza dawa za TB, na mwenye TB ya utando wa ubongo anasubirishwa wiki 4 hadi 8. Ili mtu aingie kundi la "aliyeanza ARV" ni lazima awe hai hadi siku hiyo. Aliyefariki siku ya 6 hakupata nafasi, na wewe umemweka "hakuanza", kana kwamba kukosa ARV ndiko kulikomwua.

Tuseme wenye VVU 100, vifo 20, na 10 kati ya hivyo vilitokea siku 14 za kwanza kabla ya ARV. Wasioanza ni 25, wakafariki 12, yaani 48%. Walioanza ni 75, wakafariki 8, yaani 11%. Ukiondoa waliofariki ndani ya siku 14 na kuanza kuhesabu siku ya 15, wasioanza wanabaki 15 na vifo 2, yaani 13%, dhidi ya 11%. Pengo karibu lote limeyeyuka kwenye mfano huu.

Njia sahihi ni kugawa muda wa kila mgonjwa: kuanzia siku ya kwanza ya dawa za TB hadi siku ya ARV anahesabiwa hana ARV, kuanzia hapo ana ARV. Stata ni *stsplit*, R ni *tmerge* kwenye kifurushi cha survival. Aliyekuwa tayari kwenye ARV kabla ya TB ni kundi la tatu, usimchanganye na hao. Na kama tarehe ya ARV haipo, usiandike "hakuanza". Andika haijulikani, kisha katafute kwenye kadi ya CTC.

Uzito: tumia kilo zenyewe kwa kila jinsi peke yake, au bendi za uzito zilizotumika kumpangia dozi, maana hizo muuguzi alizihitaji kutoa vidonge na hivyo ziliandikwa kwa makini zaidi. BMI ya kukisia urefu usiibuni. Kilo 44 kwa mtu wa mita 1.60 ni BMI 17.2, chini ya 18.5, kwa mtu wa 1.50 ni 19.6. Kosa la sentimita 10 linamvusha mpaka.

Ongezeko la uzito mwezi wa 2 ni kigezo kizuri. Utafiti wa RATIONS wa Jharkhand, India, uliochapishwa 2023, ulionyesha walioongezeka 5% ndani ya miezi 2 walikuwa na hatari ya kifo pungufu kwa karibu 60%. Ila mtego ni uleule: anayepimwa mwezi wa 2 ni aliyefika mwezi wa 2. Anza saa ya ufuatiliaji siku ya 60, waliofariki kabla watoke, na useme wazi kwamba jibu linahusu waliovuka siku hiyo. Vifo vingi vya TB hutokea mapema, kwa hiyo utakuwa umebaki na matukio machache. Usiongeze vigezo vingine juu yake zaidi ya umri na VVU.

karani_wa_rejista

La nyongeza kuhusu vibali, kwa sababu ufuatiliaji wa waliopotea umebadilisha aina ya utafiti. Mwanzoni ilikuwa rejista tu na ungeweza kuomba msamaha wa ridhaa. Sasa unawasiliana na watu, kwa hiyo itifaki unayowasilisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (na kamati ya chuo kama wewe ni mwanafunzi) ionyeshe maneno yatakayosemwa kwenye simu, nani anapiga, na familia ya marehemu inaulizwa nini. Ukipeleka ya zamani na baadaye ukaanza kupiga simu, data hiyo hutaitumia. Baada ya hapo ndiyo unakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, kisha wa halmashauri, kwa mpangilio huo.

Faili la majina na namba za siri liwe peke yake, kwenye kompyuta ya ofisi ya halmashauri, lisitumwe WhatsApp hata kwa dakika moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na taarifa za afya zimo. Kwenye faili la uchambuzi toa jina, simu na kitongoji. Bakisha kata, na alama ya mwalo au bara. Mwalo wenye wagonjwa watatu tu uunganishe na wa jirani, maana msomaji wa Buhingu atawajua kwa umri na jinsi.

mwalo_kwa_mwalo

Na kama fedha za ufuatiliaji zikikosekana, toa jedwali lenye mistari mitatu kwa kila kihatarishi: kama rejista ilivyo (yaani waliopotea wote wako hai), kama 30% yao wamekufa, kama 50% yao wamekufa. Kihatarishi ambacho RR yake inabaki juu ya 1 kwenye mistari yote kiandike kwa ujasiri. Kinachogeuka, kiandike kwamba kinageuka.